Kabla ya kununua vitabu, jua mtoto amefika wapi

Kila Januari swali moja huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani, kuanzia Kitengela na Ongata Rongai hadi Nyali na Eldoret: "Wangu ametimiza miaka minane, nimnunulie vitabu vya kiwango gani?" Majibu huja mbio. Mmoja atasema Gredi ya 3. Mwingine, ambaye mwanawe alitoka shule ya mfumo wa Uingereza, atasema Mwaka wa 4. Wa tatu atatuma picha ya kitabu cha hesabu cha Marekani na kuapa kwamba wake anakitumia bila taabu. Kufikia jioni mzazi aliyeuliza ameshapewa bei, namba ya muuzaji na ahadi ya kuletewa mzigo kwa bodaboda. Hakuna aliyemuuliza mtoto mwenyewe anasomaje.

Nimekaa na wazazi wengi wa aina hii, na ninalotaka kuwaambia ni kwamba umri wa mtoto hauwezi kukuonyesha pa kuanzia. Wala gredi aliyoiacha shuleni haiwezi. Kinachoweza ni kazi ya mtoto, ukimtazama akiifanya, somo hili kisha lile. Na ukimtazama vizuri utagundua kwamba watoto wengi hawana kiwango kimoja. Mtoto huyohuyo anasoma Kiingereza kama wa Gredi ya 5, anapiga hesabu kama wa Gredi ya 3, na Kiswahili chake bado kiko Gredi ya 2. Ukimnunulia kifurushi kimoja cha Gredi ya 4, hakuna somo hata moja ulilompatia mahali pake.

Wazazi wengi waliionja kazi hii bila kuitafuta. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi nchini hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Waliotangulia, Oktoba 2020, walikuwa wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Katika miezi hiyo mzazi alikaa mezani na mwanawe akaona, pengine kwa mara ya kwanza, jinsi anavyosoma na jinsi anavyohesabu. Wapo walioshtuka. Ripoti ya muhula ilikuwa imeandika kwamba mtoto anafikia matarajio, na huyu hapa mezani hawezi kugawanya 84 kwa 4. Baadhi yao waliamua kutomrudisha shule. Kisha wakaenda kununua mtaala, na wengi wakanunua wa gredi ileile iliyokuwa imewashtua.

Namba iliyo kwenye jalada ni kauli ya mchapishaji, na kila mchapishaji ana yake. Vitabu vya hesabu vya Saxon, vinavyopendwa sana na wasomeshaji wa nyumbani wa Marekani na ambavyo vimefika hapa, hubeba namba mbilimbili: 5/4, 6/5, 7/6. Kile cha 5/4 kimekusudiwa mwanafunzi wa kawaida wa darasa la tano la Marekani au mwepesi wa darasa la nne. Vitabu vilivyotokana na mtaala wa Singapore huingiza mapema mafumbo ya maneno yanayochorwa kwa pau, na mtoto aliyetoka mtaala mwingine huweza kuhitaji kuanza kitabu kilicho chini ya darasa lake ili ajifunze tu namna ya kufikiri inayotakiwa humo. Huko si kurudi nyuma. Ni kuingia kwa mlango ulioachwa wazi.

Mfumo wa Uingereza ndio unaowachanganya wengi zaidi. Mtoto wa Uingereza huanza Mwaka wa 1 akiwa na miaka mitano. Wetu, chini ya mtaala wa umilisi, huingia PP1 akiwa na miaka minne na Gredi ya 1 akiwa na sita. Kwa hiyo Mwaka wa 5 wa mfumo ule hukaa karibu na Gredi ya 4 yetu. Mzazi anayemtoa mtoto Mwaka wa 4 na kumwingiza Gredi ya 4 kwa sababu namba zinafanana amemrusha takriban mwaka mzima bila kujua. Baada ya miezi mitatu atalalamika kwamba mtoto amekuwa mvivu.

Kuna utafiti wa hapa kwetu ambao kila mzazi anayetaka kununua vitabu angefaa kuujua. Katikati ya miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso, shirika moja liligawa vitabu vya serikali vya kiada katika shule za msingi, na wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo katika shule zipatazo 100. Watu wote walitarajia alama zipande. Shule zilikuwa na uhaba mkubwa wa vitabu, watoto kadhaa wakigombania kimoja. Vitabu vikaja, na alama za wastani hazikusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza. Sababu haikuwa ya siri: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtaala wenyewe ulitungwa kwa kumlenga mwanafunzi ambaye shule hizo zilikuwa na wachache. Kitabu kilikuwa kizuri, kipya, cha bure, na mtoto hakuweza kukisoma.

Miaka kama kumi baadaye Kremer huyohuyo, pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas, walirudi magharibi mwa Kenya, safari hii Bungoma na Butere-Mumias. Mwaka 2005 shule zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa Darasa la Kwanza, na darasa lililokuwa moja likagawanywa mawili. Katika shule 121 walizozichunguza, karibu nusu ziligawa watoto kwa alama zao za mwanzo: waliotangulia huku, waliochelewa kule. Zilizobaki zilichanganya watoto kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa mbele, na faida hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika.

Hofu ya kila mtu ilikuwa kwamba waliowekwa kundi la chini wangebaki huko na kukata tamaa. Nao pia walipanda. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu alipata nafasi ya kufundisha pale watoto walipokuwa, badala ya kukimbizana na wachache wa mbele kama mtaala na mitihani vinavyomshurutisha. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za aina hii, na sehemu ya kazi hizo ilifanyika katika vijiji vyetu, na watoto wetu.

Mama anayesomesha mtoto mmoja sebuleni ana kile ambacho mwalimu wa Bungoma mwenye watoto themanini hawezi kukipata hata akipewa msaidizi: darasa ambalo, katika kila somo, lote liko kiwango kimoja. Inaniuma ninapoona nafasi hiyo ikipotezwa kwa sababu tu namba ya jalada inapaswa kulingana na keki ya siku ya kuzaliwa.

Basi mtu anajuaje? Nieleze nilichokiona Rongai, kwa mvulana wa miaka tisa ambaye mamake alikuwa amemnunulia hesabu za Gredi ya 4. Alikuwa mwerevu wa maneno, msomaji wa kila kitu hadi maandishi ya pakiti za unga, na kila asubuhi alilia kwenye hesabu. Tuliweka kitabu kando nikamwandikia 304 kutoa 128. Akajibu 224, haraka na bila wasiwasi wowote.

Jibu hilo ukiliwekea alama ya kukosa ukaendelea, umetupa dhahabu. Ukilitazama, linaeleza kila kitu. Mtoto alikuwa ameona 4 na 8, akatoa ndogo kutoka kubwa akapata 4. Akaona 0 na 2, akafanya vilevile akapata 2. Kisha 3 toa 1, 2. Kwake yeye kila safu ni hesabu ndogo inayojitegemea, na amri ni moja: toa ndogo kutoka kubwa. Hajui bado kwamba zile namba tatu ni kiasi kimoja.

Mamake akaleta pesa. Noti tatu za mia na sarafu nne za shilingi moja. Hizo ndizo 304. Tukamwambia anunue kitu cha shilingi 128. Akasimama kidogo, akashika noti moja, akasema, "Hii lazima ivunjwe." Akaivunja kwa sarafu kumi za shilingi kumi. Kisha akaona bado hana shilingi moja za kutosha, akavunja sarafu moja ya kumi. Akalipa, akahesabu zilizobaki: 176. Hakukosea hata hatua moja. Dukani alikuwa amelifanya jambo hilo mara nyingi.

Kwa hiyo pengo lake halikuwa akili, wala halikuwa Gredi ya 4 nzima. Alielewa mamia, makumi na mamoja mikononi. Kwenye karatasi hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kule kukopa anakoambiwa ni kuvunja noti. Mtoto wa namna hiyo anahitaji wiki chache za kazi ya Gredi ya 3, pesa zikiwa mezani kando ya daftari, kisha anaendelea na kitabu chake. Angeshindwa hata kwa pesa, ningesema turudi mbali zaidi, Gredi ya 2, tuanze na kuhesabu mafungu ya kumi. Majibu mabaya mawili yanayofanana kwenye karatasi yanaweza kuwa ya watoto waliopishana mwaka mzima.

Ndiyo maana nasema mzazi ajaribu namba chache kutoka kila sura, akianzia kitabu kilicho chini ya kile anachofikiria, na amwombe mtoto aongee anapofanya. Asimsaidie. Asikunje uso. Pale ambapo mtoto anafanya bila kufikiri, hapo ameshapita. Pale anapokwama mwanzo lakini anaweza kujieleza hadi katikati, hapo ndipo pa kununua kitabu. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliijengea nadharia sehemu hiyo: kazi ambayo mtoto hawezi kuikamilisha peke yake lakini anaiweza akiwa na mtu wa kumwongoza. Kazi iliyo chini ya hapo haimfundishi kitu kipya. Iliyo juu sana humfundisha kunakili na kubahatisha.

Kusoma kuna kipimo chake cha zamani. Mmarekani Emmett Betts alipendekeza mwaka 1946 kwamba mtoto ambaye katika maneno 100 anakosea yapatayo matano yuko mahali pazuri pa kufundishwa, na akizidi kumi kitabu hicho kitamchosha bure. Kwa Kiingereza hesabu hiyo inasaidia. Kwa Kiswahili iwe na nyongeza, kwa sababu tahajia yetu ni nyoofu mno: mtoto aliyeshika silabi, akazoea ng', mbw na nyw, anaweza kutamka ukurasa mzima wa gazeti bila kukosa neno na asijue habari inahusu nini. Mwache asome, funga kitabu, mwambie akusimulie. Akikusimulia kwa maneno yake mwenyewe, na kwa mpangilio, kiwango hicho ni chake. Akirudia sentensi mbili za mwanzo na kunyamaza, teremka.

Upimaji wa Uwezo, uliokuwa ukienda nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia mwaka 2009, ulitumia mbinu rahisi kama hiyo: herufi au silabi, maneno, aya, hadithi fupi, na hesabu za kiwango cha Darasa la Pili. Karatasi hiyohiyo alipewa mtoto wa miaka saba na wa kumi na minne. Ripoti zake zilirudia kutuambia jambo chungu, kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kazi ya Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa shuleni, wamevaa sare, wakiendelea kupandishwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumrudisha mwanafunzi darasa, na kwa shule naiona ni sheria nzuri, maana kurudishwa darasa kuliwafukuza watoto wengi, hasa wasichana. Lakini ina maana kwamba gredi iliyoandikwa kwenye ripoti inakuonyesha mtoto ameketi darasani miaka mingapi. Amejua nini, hilo ni swali jingine.

Mtaala mmoja ulioenea sana miongoni mwa wasomeshaji wa nyumbani nchini, Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas mwaka 1970, umejengwa juu ya wazo hili la kupima kwanza. Hauna kitabu kimoja kikubwa cha mwaka. Una vijitabu vinavyoitwa PACE, 12 kwa kila somo katika kila kiwango, vikiwa na namba zinazofuatana. Kwenye hesabu, namba 1037 ndiyo inayofungua kiwango cha 4. Mtoto hupewa kwanza mitihani ya kubaini mapengo, kisha huagiziwa vijitabu vya kuyaziba, hata kama ni vitatu vya kiwango cha 2 na viwili vya kiwango cha 3, kabla ya kuendelea. Anaweza kuwa kiwango cha 5 katika Kiingereza na cha 3 katika hesabu, na mpangilio unaruhusu. Kuvuka kijitabu kunataka alama 80 kwa mia au zaidi.

Nausifu utaratibu huo, na wanaotumia mitaala mingine wangefaa kuuiga. Hata hivyo nina shaka na matumizi yake katika nyumba nyingi. Kazi kubwa ya vijitabu hivyo ni kujaza nafasi zilizoachwa, na mtoto mwepesi hujifunza upesi kulichota neno kutoka aya iliyo juu na kuliweka chini. Atapata 90, atavuka, na mama atafurahi kuona namba zikipanda: 1040, 1041, 1042. Muulize wiki mbili baadaye sehemu ni nini, na hawezi kukata chapati kwa thumni. Kwa hiyo, mama, baba, kila vijitabu vitatu hivi mwite mtoto akufundishe wewe kile alichokisoma. Mfumo hautakuombea hilo.

Kuna kitu kingine ambacho mitihani ya kupima kutoka nje haiwezi kukuambia. Inampima mtoto wa Ohio. Inamuuliza juu ya sarafu za senti tano, kumi na ishirini na tano, juu ya inchi na joto la Farenhaiti, juu ya mwezi ambao theluji huanza kuyeyuka. Mtoto wa Nakuru atakosa maswali manne na kuteremshwa kiwango kizima kwa kutojua thamani ya sarafu ambayo hajawahi kuishika. Yasome maswali aliyokosa kabla ya kuyahesabu. Yanayohusu vipimo na fedha za ugenini yaweke kando. Mfundishe yakihitajika, lakini yasikuamulie kitabu.

Na Kiswahili? Hapa nasema kwa uchungu. Mitaala mingi inayonunuliwa na wasomeshaji wa nyumbani haina ukurasa hata mmoja wa Kiswahili. Nimekutana na watoto wa Nairobi wenye miaka kumi na mmoja, wasomaji hodari wa hadithi ndefu za Kiingereza, wanaosema "kitabu yangu" na kusimama kwenye neno "nyang'anya" kama waliokuta ukuta. Wazazi huwatetea: watajifunza mtaani. Mtaani watajifunza Sheng', ambayo ina raha yake, lakini haiandiki insha. Mtoto wa namna hii mkubalie kwamba Kiswahili chake ni cha Gredi ya 2, mpe vitabu vya Gredi ya 2, vya ngano za sungura na fisi, na umsomee kwa sauti kila jioni hadithi zilizo juu ya uwezo wake wa kusoma lakini zilizo ndani ya uwezo wake wa kusikia. Masikio ya mtoto huwa gredi mbili tatu mbele ya macho yake. Nenda na masikio.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote nilivyotaja ni fahari yetu. Sisi tuliosoma 8-4-4, iliyoanza mwaka 1985, tulilelewa kwa namba ya kukaa: wa kwanza, wa kumi na saba, wa mwisho. Kurudia darasa lilikuwa jambo la kuinamisha kichwa njiani. Hofu hiyo tumeileta hadi sebuleni, mahali ambapo hakuna wa pili. Nimemwona baba, mtu mwema kabisa, akibandika karatasi nyeupe juu ya namba ya kitabu ili shangazi wa mtoto akija asione kwamba mpwawe wa miaka kumi anatumia hesabu za Gredi ya 3. Mtoto alikuwa akimtazama. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba anayoyajua ni ya kufichwa.

Ningemwomba baba yule aseme tofauti mbele ya huyo shangazi: "Anamalizia kutoa na kugawanya, mwezi ujao tunaingia sehemu." Taja kazi, usitaje gredi. Mtoto akiulizwa kanisani au msikitini yuko darasa gani, ajibu gredi ya umri wake, maana anayeuliza anataka kujua ukubwa wake, hataki kukagua daftari lake.

Wapo pia watoto wanaokosewa kwa upande wa pili. Msichana aliyejifunza kusoma akiwa na miaka minne hapaswi kukalishwa mwaka mzima akipaka rangi herufi a kwa sababu umri wake ni wa PP2. Mpandishe katika kusoma. Mkono wake, hata hivyo, bado ni wa miaka mitano, na kumlazimisha kuandika aya kwa kuwa anasoma aya ni kumtesa. Mwache akusimulie, wewe uandike. Wazazi wa watoto wepesi nawaomba wajihadhari na mbio: kumaliza kitabu mapema kunaweza kuwa nafasi ya kukaa na jambo moja kwa kina, kupima shamba la jirani, kuweka hesabu za kuku, kuliko kukimbilia jalada linalofuata.

Uhuru huu wa kupanda na kuteremka una mwisho wake, na mzazi anayepanga kumrudisha mtoto katika mfumo wa taifa auone mapema. Sheria ile ya 2013 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto anapata elimu ya msingi, ambayo Katiba ya 2010 imeifanya haki ya kila mtoto katika Kifungu cha 53. Mzazi anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anayesomesha nyumbani ana kila sababu ya kuweka rekodi nzuri: madaftari yenye tarehe, majaribio aliyoyafanya mtoto, orodha ya vitabu alivyosoma.

Halafu kuna hesabu za kuingia sekondari ya juu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walifanya KPSEA katika Gredi ya 6 mwaka 2022, KJSEA katika Gredi ya 9 mwaka 2025, na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Katika upangaji huo, KJSEA ina asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, na KPSEA asilimia 20. Hesabu hiyo inamfikia hata mtoto wa Gredi ya 4 aliye sebuleni kwako. Ukitaka apite njia hiyo, ni lazima awe amesajiliwa kupitia shule wakati wa tathmini hizo, na viwango vyake vilivyopishana viwe vimekaribiana kufikia Gredi ya 6. Una miaka yake kuanzia sita hadi kumi na mmoja ya kutembea kwa mwendo wake. Itumie yote, baada ya hapo kalenda ya Baraza la Mitihani ndiyo itakayoongoza.

Anayechagua njia ya IGCSE ana nafasi pana kidogo, kwa sababu mtahiniwa wa kujitegemea huweza kujisajili kwenye kituo kilichoidhinishwa na kufanya somo moja moja anapokuwa tayari. Kijana anaweza kufanya hesabu mwaka huu na fizikia mwaka ujao. Kwa mtoto wa viwango vilivyopishana hilo ni jambo kubwa. Lakini vituo na karatasi za mtihani hulipiwa, tena si kidogo, na nafasi za vyuo vikuu zinazogawiwa na KUCCPS hutegemea matokeo ya KCSE. Mzazi aende mwenyewe chuoni anakokusudia kumpeleka mtoto, aulize kwa maandishi cheti anachokipanga kinapokelewaje, na afanye hivyo mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja, asingoje afike kumi na saba.

Kwa hiyo mzazi uliyeuliza kwenye kundi, usitume pesa wiki hii. Azima kwa rafiki vitabu vya gredi mbili zinazofuatana, au nunua vilivyotumika kwa bei nafuu. Kaa na mtoto asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na hana usingizi, nusu saa ya hesabu leo, nusu saa ya kusoma kesho, Kiswahili keshokutwa. Andika anachokosa na namna anavyokikosa. Ukimaliza, nunua kila somo kitabu chake, namba za majalada ziwe zozote, na upime tena baada ya muhula mmoja, kwa sababu mtoto aliyewekwa mahali pake huwa hakai hapo muda mrefu.